Huruma yangu iliua nondo wawili

Nianze na asubuhi yenyewe maana bila hiyo hakuna stori. Ilikuwa Juni 2022, hapa Columbus, Ohio, nimetoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, saa kumi na moja na kitu alfajiri, miguu inawaka moto, nafungua mlango wa gari nikaona kitu kimekaa ukutani chini ya taa ya paking. Nikadhani popo. Nikasogea, nikadhani labda mtu kabandika kipande cha kitenge, maana ilikuwa na rangi za kitenge kabisa, kahawia ya moshi, mstari mwekundu na mweupe unaozunguka, na kwenye kila ubawa hilali moja, yani kamwezi kachanga kekundu kenye weupe katikati, mbawa nne hilali nne. Mwili wake mwekundu una pete nyeupe kama soksi za mchezaji mpira. Hakukimbia. Nilinyoosha mkono karibu naye bila kumgusa na mbawa zake zilikipita kiganja changu.

Nondo. (Wa kuruka, sio nondo za kujengea.)

Kwetu Muheza nondo akiingia ndani jioni akaanza kuzunguka chemli bibi alikuwa anasema kesho tuna mgeni, na kweli anaongeza kikombe cha mchele wakati wa kuchambua, mgeni aje asije. Kwa hiyo mi sijakulia kwenye kuwaogopa. Ila hawa wa kwetu niliowazoea ni wadogo, wale wa kufa kwenye taa na kuangukia kwenye chai. Mmoja tu mkubwa nilimwona nikiwa darasa la nne, wa kijani mwenye mikia mirefu, kakaa kwenye nguzo ya baraza ya shule, mwalimu akatufukuza wote tukaingie darasani na sikumwona tena, nimekaa naye kichwani miaka yote hiyo.

Nilimpiga huyu wa Ohio picha tatu nikaenda kulala.

Usiku wake nikamwonyesha mzee mmoja ninayemhudumia. Jina lake silisemi. Alikuwa mwalimu wa sayansi sekondari huko nyuma, siku nyingi haongei, lakini alipoishika simu yangu akaisogeza karibu na macho akasema neno moja, "Cecropia." Alafu akaanza kuongea na hakuacha mpaka nikachelewa kumpa dawa mtu wa chumba cha pili. Alisema utotoni kwao, hapahapa Ohio, walikuwa wanatafuta vifukofuko vyake, vile vifuko vya hariri anavyojisukia kiwavi ili ageuke nondo ndani yake, msimu wa baridi miti ikiwa haina majani, wanavijaza kwenye ndoo. Akauliza tumbo lake nene? Nikasema nene. Vipapasio vyake vyembamba au kama manyoya ya ndege? Nikamwonyesha tena picha, vyembamba. Basi ni jike, akasema, kama yupo bado kesho mtie kwenye mfuko wa kaki wa sokoni, ukunje juu, umwache.

Alikuwepo. Amesogea kama hatua moja tu.

Kwa siku nne nilikuwa na mfuko wa kaki juu ya friji unaofanya kelele usiku. Mwanangu ana miaka minane, alikuwa anaweka sikio pale kama anasikiliza redio. Hali chakula? Hali. Hapo ndo nilipojifunza jambo la kwanza lililonishtua, kwamba huyu nondo akishakuwa mkubwa hana mdomo wa kulia, yani upo kama alama tu lakini haufanyi kazi, hali hanywi, anaishi kwa mafuta aliyoyahifadhi tangu akiwa kiwavi, na akiishi sana ni wiki moja, mbili. Kila kitu alichokula maishani alikila utotoni. Siku ya tano nilimfungulia jioni akaondoka kwa uzito, akagonga ukuta wa jirani, akapanda. Ndani ya mfuko kulikuwa na mayai 118 yamegandishwa kwenye karatasi, ya rangi ya maziwa yenye doa la kahawia, madogo kuliko dengu. Nilihesabu mara mbili.

Kufikia hapo nilikuwa nimeshasoma sana. Jina Cecropia alilitoa Linnaeus, yule Msweden aliyewapa viumbe wengi majina ya kisayansi, mwaka 1758, kutoka kwa Kekropi, mfalme wa kwanza wa Athene katika hadithi za Wayunani, sijui kwa nini walipenda kuwapa wadudu majina ya wafalme. Kwa kirefu ni Hyalophora cecropia. Ndo nondo mkubwa kuliko wote wa asili ya Amerika Kaskazini, mbawa zikifunguliwa zinafika sentimita 13 hadi 18, na utamkuta Kanada na Marekani upande wote wa mashariki ya milima ya Rocky. Yupo kwenye familia inayoitwa Saturniidae, ambayo na sisi tunayo, yule wa kijani wa shuleni kwetu ni wa humohumo, na nilipoliona hilo nilikaa kimya kidogo. Miaka zaidi ya ishirini.

Mayai yalikaa siku kumi na mbili. Asubuhi moja karatasi imejaa vitu vyeusi kama vipande vya uzi vinavyotembea. Kiwavi wa siku ya kwanza ni mweusi tii, ana miba miba laini, na chakula chake cha kwanza ni ganda la yai lake mwenyewe. Baada ya hapo anataka majani, na bahati nzuri huyu si mchaguzi, anakula mepo, mcheri wa porini, mtufaha, birchi, mpaka lile ua la lailaki lililo kwenye nyua za watu. Nyuma ya apatimenti zetu kuna reli ya zamani, na pembeni ya reli kuna micheri ya porini ambayo hakuna mtu anayeidai. Nikafanya uamuzi mmoja ambao nilikuja kuufikiria sana, viwavi 30 niliwafunga ndani ya neti, na hao wengine wote, themanini na kitu, niliwaachia tu kwenye matawi wajitegemee.

Neti ninayosema ni neti ya mbu. Nilikuja nayo kutoka Tanga nikiwa sijui kwamba Ohio hailaliwi neti, imekaa kwenye sanduku miaka sita. Niliikata, nikashona mifuko mirefu kama mikono ya kanzu, unaingiza tawi zima na majani yake, unafunga mwisho kwa kamba, kiwavi yuko ndani anakula kama yuko porini ila ndege na nyigu hawamfikii. Majani yakiisha unamhamishia tawi jingine.

Kukua kwake sasa. Jamani. Anavua ngozi mara nne, na kila akivua anakuwa kama mdudu mwingine. Mweusi anakuwa wa njano mwenye vidoa vyeusi. Wa njano anakuwa wa kijani kidogo. Kabla ya kuvua anaacha kula, anajishika kwenye tawi siku nzima au zaidi kama mgonjwa, mara ya kwanza nilijua wanakufa wote, nikapiga simu kazini kumuuliza mzee kupitia kwa nesi, akajibu kwa neno moja, "Subiri." Kisha ngozi inapasuka nyuma ya kichwa anatoka mpya na mara nyingi anageuka anaila ile ya zamani. Mwisho mwisho, mwanzoni mwa Agosti, unakuwa na kiwavi mwenye urefu wa sentimita kumi na zaidi, mnene kama kidole gumba cha fundi, rangi ya kijani ya bahari yenye ubuluu, na mwili mzima una vifundo vya rangi, mgongoni karibu na kichwa vyekundu kama shanga, nyuma yake vya njano, ubavuni vya buluu, na kila kifundo kina vijiba vyeusi. Anaonekana wa sumu. Hana sumu. Nilimweka kwenye mkono na miguu yake inashika ngozi kama mtoto anayekataa kuteremshwa.

Mama Neema, jirani yangu, ametoka Kisangani, alipita siku hiyo na kapu la nguo akasimama. "Eh dada, hii iko mbinzo! Kwetu tunakula hii na pilipili." Na hakuwa anatania, wale viwavi wanaouzwa masokoni Kongo wengi ni wa familia hiihii, ni chakula cha heshima chenye protini nyingi na kina msimu wake watu wanausubiri. Alimshika, akamgeuza tumbo juu, akamkagua kama mtu anayejua anachokikagua, kisha akaniuliza anakula jani gani. Kesho yake aliniletea matawi ya mcheri kwenye ndoo ya maji. Tangu hapo alikuwa anapita kila jioni kuangalia neti, na mtoto wa mtu akirusha mpira karibu na ule mti, sauti ya Mama Neema unaisikia mpaka barabarani.

Hao wa kwenye neti, kati ya 30 nilipata vifukofuko 17. Wengine waliugua, wakalegea, wakawa weusi, hiyo hutokea wakibanana na wakikaa na unyevu, kosa langu la kuchelewa kusafisha.

Na hao themanini na kitu wa nje? Kila siku nikitoka kazini nilipita relini kuwatafuta. Wiki ya kwanza nawaona. Ya pili wachache. Mwisho wa Julai hakuna hata mmoja, nimegeuza majani mpaka shingo ikauma.

Sijui kila mmoja alikwendaje, ndege wapo, nyigu wapo. Lakini nikaanza kusoma na nikakutana na habari ambayo mpaka leo inanikera. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Mfaransa mmoja, Étienne Léopold Trouvelot, alikuwa anaishi Medford, Massachusetts, anataka kuanzisha hariri ya Marekani kwa kutumia nondo wa hukuhuku, ndugu wa Cecropia, alifuga kwa maelfu chini ya neti (neti tena!). Akaleta na nondo mwingine kutoka Ulaya. Huyo wa Ulaya akamtoroka. Hariri haikupatikana, na nondo aliyetoroka akageuka janga linalokula misitu ya mashariki ya Marekani mpaka leo, miti inabaki fito. Serikali ikatafuta adui wa kumkabili, na mwaka 1906 wakaanza kuachia nzi anayeitwa Compsilura concinnata, kutoka Ulaya pia. Nzi huyo anamchoma kiwavi na kumwekea funza hai ndani ya mwili, funza anamla kwa ndani. Tatizo ni kwamba nondo aliyekusudiwa ana kizazi kimoja kwa mwaka, nzi ana vizazi kadhaa, sasa vizazi vinavyobaki vitakula nini? Vinakula wengine wowote, ameshakutwa kwenye spishi zaidi ya 150. Na waliendelea kumwachia kwa miongo mingi hivyohivyo.

Mwaka 2000 watafiti watatu, George Boettner na Cynthia Boettner na Joseph Elkinton, walitoa matokeo ya walichokifanya Massachusetts, kitu kilekile nilichofanya mimi relini bila kujua ila wao kwa hesabu. Waliweka viwavi 500 wa Cecropia porini. Hakuna hata mmoja aliyevuka hatua ya tano, yani ile ya mwisho kabla ya kusuka kifukofuko. Sifuri kati ya mia tano. Na walipoweka makundi ya viwavi wadogo kuwapima hatua kwa hatua, yule nzi peke yake alihusika na asilimia 81 ya vifo. Nilisoma hiyo karatasi usiku kazini na nikakumbuka mzee na ndoo zake za vifukofuko. Nikamuuliza, zamani walikuwa wengi hivyo kweli? Akasema ndoo zilikuwa zinajaa. Hakuongeza.

Turudi kwa wangu. Kiwavi akishatosheka kula anatoa uchafu wote tumboni na anaanza kuhangaika, anatembea huku na huku kwenye tawi, alafu anachagua sehemu analala kwa urefu wa kijiti na kuanza kusuka. Hariri inatoka chini ya mdomo, kichwa kinakwenda kulia kushoto kulia kushoto kama anaandika nane, saa nyingi, usiku na mchana. Kwanza anasuka ukuta wa nje, mgumu kama karatasi ya kaki. Ndani yake anaacha nafasi ya nyuzi legelege kama pamba ya godoro, kisha ndani kabisa anasuka kifuko cha pili kigumu. Nyumba ndani ya nyumba. Na kitu kilichonifanya nimwite mwanangu aje kuona ni mlango, upande mmoja wa juu anaacha nyuzi bila kuzigundisha, zimekutana tu kama mdomo wa mfuko wa kamba, kwa nje mtu haingii, kwa ndani unasukuma unatoka. Anautengeneza mlango mwezi wa nane kwa ajili ya mtu atakayetoka mwezi wa tano, na huyo atakayetoka hatakuwa na meno wala mkasi wa kujikatia njia.

Ndani anavua ngozi ya mwisho na kuwa pupa. (Kiswahili kina kitu hapa, sisi pupa ni haraka, kula kwa pupa, na huyu pupa wa wadudu ndo kiumbe asiye na haraka kuliko wote niliowahi kuwaona.) Ni kama kokwa ya kahawia, hana miguu, hana macho ya kuonekana. Ukimgusa anazungusha mkia kidogo. Basi.

Sasa kosa langu.

Mzee alishaniambia, tena mara mbili. "Usiviingize ndani. Viache nje, vilale." Nikamwitikia. Vifukofuko 17, sita nilivifunga kwenye miti relini kama vinavyokaa vyenyewe, na 11 nilivitundika kibarazani kwangu ndani ya kitenga cha waya wa banda la kuku ili panya wasivifikie. Oktoba ikaingia. Usiku wa kwanza umande ukaganda, asubuhi kioo cha gari cheupe, nikaenda kibarazani nikavigusa vya baridi kabisa na nikaanza kufikiria ubaridi wangu wa mwaka wa kwanza nilipofika nchi hii, Januari, na koti la mtumba lisilo na bitana, nilivyokuwa nalia kituo cha basi na machozi yanauma usoni. Sikuweza. Sikuvitoa vyote, maana neno la mzee lilikuwa linanisuta, nilichukua viwili, vile vinene kuliko vyote, nikaviweka kwenye kikapu sebuleni juu ya kabati, mbali kidogo na hita. Niliona nimewaokoa wawili hata kama wengine watakufa.

Ikaja ile baridi ya Desemba 2022, siku mbili kabla ya Krismasi, mnakumbuka nyie mliopo Marekani, upepo ulioshuka kutoka kaskazini na kupiga karibu nusu ya nchi. Columbus ilishuka karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Mabomba ya watu yalipasuka. Nilisimama kwenye mlango wa kioo wa kibaraza na blanketi naangalia vile vifukofuko tisa vinapigwapigwa na upepo kwenye waya, vimeganda kama mawe, Mama Neema akanipigia simu kuniuliza, "Batoto bako bale bako nje?" Nikasema wapo nje. Akasema Mungu anawaona. Nikageuka nikaangalia wawili wangu juu ya kabati kwenye joto, nikashukuru.

Januari kigong'ota alivikuta vile vya relini. Nilikuta vinne kati ya sita vina kitobo kimoja safi, ametoboa kwa mdomo kuta zote mbili na kumnywa pupa kama dafu. Wapo watafiti wawili wa Illinois, Waldbauer na Sternburg, waliofanya kazi miaka mingi na vifukofuko vya Cecropia kwenye mji wa Champaign na Urbana, waliandika tangu 1967 kwamba vya juu kwenye matawi huliwa na vigong'ota na vya chini karibu na ardhi huliwa na panya. Kwa hiyo ukisuka juu kuna mmoja anakusubiri, ukisuka chini kuna mwingine.

Tarehe 29 Mei 2023, saa nne asubuhi, mwanangu alikuwa wa kwanza kuona. Nondo wa kwanza alitoka akiwa amelowa, mbawa ndogo zimekunjamana kama leso iliyofuliwa, akapanda kwenye waya akaning'inia, na ndani ya kama nusu saa zile mbawa zikajazwa damu na kushuka zenyewe, polepole, hilali zinafunguka. Kwa wiki tatu zilizofuata walitoka tisa kwa jumla, saba wa kibarazani na wawili wa relini niliokuwa nimeshawahamishia kwenye kitenga. Tisa wote walikuwa wa nje. Wote walipigwa na ile Desemba.

Wa sebuleni hawakutoka.

Nikasubiri Juni. Julai. Nikawa nachukua kifukofuko nakitikisa karibu na sikio, kilichokuwa na uzito wa karanga mbichi kikawa na uzito wa ganda tupu. Agosti nikachukua mkasi nikavipasua. Ndani pupa wawili wamekauka, wamekunjamana, hakuna hata dalili ya ubawa iliyoanza kujengeka. Hawakufa wakitoka. Hawakuwahi kuanza.

Sababu yake iligunduliwa kwa nondo huyuhuyu, Cecropia. Miaka ya 1940 pale chuo kikuu cha Harvard alikuwepo mwanasayansi anaitwa Carroll Williams. Swali lake lilikuwa hilohilo langu, kwa nini pupa akikaa kwenye joto muda wote haamki, na akipitishwa kwenye baridi ya friji wiki kama kumi hivi kisha akarudishwa kwenye joto anaamka? Akawa anafanya upasuaji. Alichukua pupa ambaye hajawahi kuonja baridi, akampandikiza ubongo wa pupa aliyekaa baridini, na yule wa joto akaanza kugeuka kuwa nondo. Akiutoa ubongo kabisa, pupa anaendelea kuishi muda mrefu tu lakini hageuki kamwe. Kwa hiyo kinachosubiri baridi ni ubongo. Baridi inapopita juu yake muda wa kutosha, ndo unapata uwezo wa kutoa homoni, ile homoni inaamsha tezi kifuani, tezi zinatoa homoni ya pili, na hiyo ya pili ndo inayouambia mwili jenga mbawa. Bila baridi ubongo unakaa kimya. Pupa anatumia akiba yake kidogo kidogo, na kwenye joto la hita anaitumia haraka zaidi na hewa kavu inamnyonya maji, mpaka inaisha.

Na kuganda hakumuui, maana mwaka 1959 walishagundua kwamba pupa wa Cecropia msimu wa baridi anajaza gliserini kwenye damu yake imkinge na barafu, kitu kilekile ambacho sisi tunanunua dukani kujipaka ngozi isikauke. Niliposoma hilo niliweka simu chini. Chupa ya gliserini ilikuwa pale pale kwenye kabati, kando ya kile kikapu.

Nondo huyu ametusaidia zaidi ya hapo na watu hawamjui. Williams huyohuyo mwaka 1956 alitoa mafuta ya rangi ya dhahabu kutoka kwenye matumbo ya madume ya Cecropia na mafuta hayo yalikuwa na homoni ya utoto, ile inayomfanya mdudu abaki kiwavi, ukimpaka kwa wakati usio wake hawezi kukomaa. Kutokana na wazo hilo zilitengenezwa dawa kama methopreni, inayowekwa kwenye maji ili viluwiluwi vya mbu visifikie kuwa mbu. Alafu Stockholm, huko Sweden, Hans Boman na wenzake walikuwa wanawadunga pupa wa Cecropia bakteria na kushangaa jinsi wasivyoumwa, wakatafuta ndani ya damu, na mwaka 1981 wakatangaza protini ndogo zinazotoboa bakteria, wakaziita cecropini, kwa jina lake. Kazi hiyo iliwafungua watu macho kuhusu kinga ya mwili ambayo kiumbe anazaliwa nayo, hata ya kwetu sisi. Pupa aliyelala, asiye na mdomo. Mimi nafikiri angepaswa kuwa kwenye noti.

Nirudi Juni. Kati ya wale tisa kulikuwa na majike wanne. Mzee alikuwa ameniambia usimwachie jike kabla hajaolewa, mweke kwenye kapu lenye matundu, mtundike nje, ulale. Nilimweka mmoja kwenye kapu la nguo nikalifunika kipande kilichobaki cha neti yangu ya Tanga, na kwa kuwa ilikuwa zamu yangu ya mapumziko niliamua kukaa kibarazani nione. Saa sita hakuna kitu. Saa nane hakuna kitu, jike amekaa tu. Kama saa tisa na nusu akasogea juu ya kapu, akatoa kitu kidogo kwenye ncha ya tumbo, na akatulia hivyo. Ile ni harufu anaitoa. Mimi siisikii, wewe huisikii, lakini dume mwenye vile vipapasio vya manyoya anaikamata kutoka kilomita moja na zaidi, anafuata upepo.

Saa kumi na dakika kama ishirini nikasikia kitu kinapiga neti, pap, pap, pap. Wa kwanza. Baada yake wa pili. Hawa sio wangu, madume wangu nilishawaachia siku nyingi na wangekuwa wamekufa au wamechoka, hawa mbawa zao zilikuwa na michubuko mipya na walitokea upande wa kusini, upande wa mto, ambako sijawahi kumpeleka kiwavi. Kumbe wapo huko. Kumbe kuna walioponea yule nzi bila neti ya mtu. Nilifunua pembe ya neti nikamwingiza mmoja, wakashikana, na wakakaa hivyo bila kusogea mchana kutwa mpaka jua lilipozama, Mama Neema akapita mara tatu kuangalia, mara ya tatu alikuja na kiti chake.

Kiza kilipoingia waliachana. Dume akaondoka bila kugeuka. Jike nilimfungulia nikamwambia mwanangu azime taa ya kibaraza, tukamsikiliza tu anavyopiga mbawa kwenye giza kuelekea relini.

Usiku uliofuata nilimpelekea mzee picha, nilikuwa nimeiprinti kubwa ili aione. Aliishika muda mrefu. Akauliza walitoka wangapi, nikasema tisa. Akauliza, vyote vilikaa nje? Nikamwambia ukweli, kwamba viwili niliviingiza. Hakusema kitu, alinipigapiga mkono mara mbili kama anavyofanya kwa mjukuu wake, kisha akaomba picha ibandikwe ukutani upande ule anaolalia.

Siku ya tatu nikatoka kazini nikapita relini na tochi ya simu, mcheri wa kwanza hakuna, wa pili hakuna, wa tatu, tawi la chini, nikageuza jani. Mayai matatu, ya rangi ya maziwa, yenye doa la kahawia.